Uteuzi wa Mgombea na Haki ya Mpiga Kura: Funzo la Kilosa na Mikumi

Mgombea akikwama kwenye fomu, aliyepoteza ni nani? Wengi hujibu kwamba ni mgombea na chama chake. Jibu hilo ni nusu tu.

Kwanza, tuielewe sheria. Ibara ya 67 ya Katiba ya 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa. Sheria iliyotumika mwaka 2020 ilidai pia wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa jimboni na dhamana ya shilingi 50,000. Pingamizi liliwekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, na rufaa ilikwenda Tume.

Pili, tutazame matokeo. Baada ya uteuzi wa Agosti 25, 2020, wilaya moja ya Kilosa ilikuwa na hali mbili. Jimbo la Kilosa, Ndugu Palamagamba Kabudi wa CCM alipita bila kupingwa. Jimbo la Mikumi, Ndugu Denis Londo wa CCM alipambana na Joseph Haule, yaani Profesa Jay wa Chadema, mbunge tangu 2015, akamshinda. Chama kilipata viti vyote viwili. Lakini mkulima wa miwa wa Ruhembe alipiga kura ya ubunge. Mkulima wa Rudewa hakuwa nayo ya kupiga.

Tatu, historia yetu yenyewe inatufunza. Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Shabaha ilikuwa kiongozi ajue kuwa mwenye kauli ya mwisho ni umma.

Sheria Na. 1 ya 2024 imesahihisha kasoro hiyo: mgombea pekee naye hupigiwa kura.

Hivyo basi, wajibu wa kada ni upi? Ahakikishe fomu za Chama zimejazwa sawasawa. Akiona kasoro ya kweli kwa mpinzani, afuate sheria. Asishangilie saini iliyokosekana kana kwamba ni hoja iliyoshinda. Kura hutuonyesha kijiji gani kimetukataa, na kwa nini twende huko. Bila kura, tunabaki kujisifu gizani.