Ngano Inapomdhuru Mwamini: Ugonjwa wa Seliaki, Meza ya Nyumbani na Meza ya Bwana



Karatu ni nchi ya nafaka. Mahindi, ngano na shayiri hustawi katika udongo wake mwekundu, na msimu unapokuwa mwema, hakuna nyumba inayokosa unga. Kwa walio wengi kati yetu ngano ni baraka: ni chapati ya sikukuu, ni andazi la asubuhi, na zaidi ya yote ni mkate unaoletwa altareni ili uwe Mwili wa Kristo. Hata hivyo, wapo watu ambao nafaka hiyohiyo huwadhoofisha siku baada ya siku, na pengine hawajui chanzo cha mateso yao. Katika makala hii tunapenda kueleza ugonjwa uitwao seliaki, namna ya kuishi nao katika mazingira yetu ya Karatu na Ngorongoro, na jinsi Mama Kanisa anavyomhudumia mwamini asiyeweza kula ngano.

Kwa kuwa mji wa Karatu uko katika njia ya watalii waendao Kreta ya Ngorongoro, neno gluteni limekwisha kuzoeleka katika majiko ya hoteli na kambi za watalii. Wapishi huambiwa mapema ni mgeni yupi asiyekula ngano, nao humwandalia chakula chake kando. Kutokana na hayo wengine hudhani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, au ni anasa ya wenye fedha. Sivyo. Inakadiriwa kwamba duniani kote mtu 1 hivi katika kila watu 100 anao. Na hapahapa barani Afrika, utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kisaharawi wa Sahara Magharibi na kutangazwa mwaka 1999 ulionesha kwamba watoto kati ya 5 na 6 katika kila 100 walikuwa nao. Hakuna taifa wala rangi iliyoandikiwa afya peke yake.

Seliaki ni nini?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, katika shayiri, na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uliokandwa uvutike na mkate uumuke. Kwa mtu mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona protini hiyo kama adui, na katika kupigana nayo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Ndani ya utumbo huo mna vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza virutubisho. Vinyweleo hivyo husinyaa, na chakula hupita bila kuujenga mwili. Mtu hula, lakini hashibi kwa maana ya kweli.

Dalili zake ni nyingi: kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, kukonda, upungufu wa damu usiokoma hata kwa dawa za madini ya chuma, uchovu, mifupa kuwa dhaifu, na kwa watoto, kudumaa. Wengine hawaharishi kamwe, bali huonekana tu kuwa wachovu na wenye damu pungufu. Ugonjwa huu hauambukizi. Kwa sehemu hurithiwa, hivyo anapogunduliwa mmoja katika familia, yafaa wazazi, watoto na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mtoto anayekonda bila sababu inayoonekana hufanya majirani waanze kunong'ona habari za uchawi, na mama yake hubeba aibu isiyomhusu.

Mwanga mkubwa juu ya ugonjwa huu ulitoka kwa Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, njaa ya vita ilipoikumba nchi yake na mkate ukaadimika, ilionekana kwamba watoto wagonjwa wa seliaki walikuwa na nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake iliyoeleza madhara ya ngano kwa wagonjwa hao. Tangu hapo, tiba imebaki ileile: kuacha kabisa vyakula vyenye gluteni, kwa maisha yote.

Daktari kwanza

Tunawasihi waamini wasiache ngano kwa kubahatisha. Amiba, giadia, minyoo, kifua kikuu na magonjwa mengine yanayofahamika zaidi kwetu huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Tena, kipimo cha damu cha seliaki hutafuta askari wa kinga waliojitokeza kwa sababu ya gluteni. Mtu akiisha kuacha ngano kwa miezi kadhaa, askari hao hupungua na kipimo huweza kumdanganya daktari. Kwa hiyo utaratibu ni huu: endelea kula kama kawaida, nenda kituo cha afya, mweleze daktari dalili zako zote, naye akiona haja atakuandikia rufaa. Mara nyingi uthibitisho hupatikana kwa kuingiza kamera ndogo tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo ili kipimwe. Kwa kanda yetu ya kaskazini, hospitali ya rufaa ni KCMC iliyoko Moshi. Safari hiyo ni gharama kwa familia nyingi, na hapo ndipo mfuko wa huruma wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo unapopata kazi yake.

Meza ya nyumbani

Habari njema ni kwamba chakula cha mababu zetu karibu chote ni salama. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, muhogo, viazi na ndizi havina gluteni. Vivyo hivyo maharage, mbaazi, ngwara, mboga, matunda, mayai, nyama, samaki na asali. Sahani ya makande, loshoro ya Wamaasai na Waarusha, ugali na mlenda: vyote hivi mgonjwa anaweza kula kwa amani. Katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi na nafaka hununuliwa, familia inayonunua mahindi badala ya unga wa ngano tayari imeshika njia. Tuongeze tahadhari moja kwa wafugaji: utumbo uliojeruhiwa huweza kushindwa kuyameng'enya maziwa kwa muda, ingawa maziwa hayana gluteni. Mara nyingi hali hiyo hutulia utumbo unapopona.

Hatari imejificha mahali tusipopatazamia. Ya kwanza ni unga wa lishe. Mtoto anapokonda, mama hushauriwa ampe uji wa lishe, na mara nyingi unga huo umechanganywa na ngano. Kwa mtoto mwenye seliaki, uji huo wa kumponya ndio unaomzidishia ugonjwa. Mama na aandae mchanganyiko wake mwenyewe wa mahindi, ulezi, soya na karanga.

Ya pili ni mashine ya kusaga. Mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani hubakiza unga ndani yake, nao huingia katika mahindi yako. Mwombe msagaji akusagie baada ya mahindi ya watu wengine, na unga wa mwanzo utakaotoka uwape mifugo. Ya tatu ni vyombo: kikaango cha chapati, mafuta yaliyokaanga maandazi, mwiko uliokoroga mchuzi ulioongezwa unga wa ngano ili uwe mzito. Bia za viwandani nazo kwa kawaida hutengenezwa kwa shayiri. Chembe ndogo hutosha kuamsha ugonjwa, hata kama mgonjwa hasikii maumivu siku hiyo. Kwa kipimo cha kimataifa, chakula huitwa kisicho na gluteni pale tu kinapokuwa na miligramu zisizozidi 20 za gluteni katika kilo moja.

Meza ya Bwana

Kwa mwamini Mkatoliki, linabaki swali zito kuliko yote: je, Komunyo Takatifu? Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Barua ya Baraza la Kipapa la Mafundisho Sadikifu ya Kanisa ya tarehe 24 Julai 2003, na waraka wa Baraza la Ibada na Nidhamu ya Sakramenti wa mwaka 2017, zimefafanua kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali kwa sakramenti. Hostia yenye gluteni kidogo, lakini ya kutosha kuufanya mkate bila kuongeza kitu kigeni, ni halali. Watawa Wabenedikto wa Kuabudu Daima wa Clyde, Missouri, nchini Marekani, ni miongoni mwa wanaozitengeneza. Mwamini anayehitaji hostia za namna hiyo huomba ruhusa ya Askofu kupitia paroko wake.

Kwa parokia zetu, ambako hostia hizo si rahisi kupatikana, ipo njia iliyo karibu zaidi. Kanuni ya 925 inaruhusu, panapo ulazima, Komunyo itolewe katika umbo la divai peke yake. Mwamini huyo hapungukiwi kitu. Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba Kristo yumo mzima, Mwili na Damu, Roho na Umungu, katika kila umbo. Anayepokea kutoka katika kalisi tu amempokea Bwana yuleyule, mzima.

Wengine huuliza: Mwili wa Kristo unawezaje kumdhuru mtu? Je, si upungufu wa imani? Hapana. Katika mageuzo, dhati ya mkate hugeuka kuwa Mwili wa Kristo, lakini maumbo ya mkate hubaki pamoja na sifa zake. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kueleza kwamba maumbo hayo huendelea kulisha mwili kama mkate na divai vilishavyo. Kwa hiyo huendelea pia kumuumiza aliye mgonjwa. Kumlazimisha ale hostia "kwa imani" ni kumjaribu Bwana, Mungu wetu.

Tunawaomba basi mapadre, masakristia na wahudumu wa Komunyo: iandaliwe kalisi ndogo ya pekee, itiwe divai wakati wa kuandaa vipaji na kuwekwa wakfu pamoja na nyingine. Isitiwe kipande cha hostia, wala isitumike kuchovyea. Mgonjwa anywe yeye peke yake, na kitambaa cha kuifutia kiwe chake.

Na kwetu sote waamini, lipo ombi moja. Mtu anapobaki kitini wakati wengine wanakwenda kukomunika, ndimi huanza kuhesabu dhambi zake na kuichunguza ndoa yake. Mwenye seliaki hujikuta kati ya mawe mawili: apokee aumie, au abaki kitini asemwe. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu katika mkutano wao mmoja alishiba na mwingine akaona njaa, akawaagiza wangojane (1Kor 11). Parokia inayomwandalia ndugu mmoja kalisi yake, na jumuiya inayompikia viazi au makande pale wengine wanapokula chapati, inalitii agizo hilo kwa vitendo.

Ikiwa unaishi na ugonjwa huu, au mtoto wako anao, usinyamaze. Mwone paroko wako kabla ya Dominika ijayo na umweleze. Mahali pako mezani pa Bwana papo.