Ruta ya 4G Ikivuka Mpaka

Kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima 3G mwaka 2022, Ujerumani ikiwa imeshatangulia mwaka 2021, na Australia ikafuata Oktoba 2024. Sababu inaeleweka: masafa ya redio hayaongezeki, na yaleyale yakitumiwa na 4G au 5G hupitisha data nyingi zaidi. Habari hizi husomwa kama mwisho wa vifaa vya zamani. Kwa ruta za laini zinazosafiri ndani ya malori, mabasi na meli, mimi naona hatari iko kwingine. Anayeshtukizwa ni mwenye ruta mpya iliyoandikwa 4G, kwa kuwa ikiwa kwenye rominga, yaani laini ya nchi moja inapotumia minara ya nchi nyingine, maandishi hayo hayatoshi. Kinachoamua ni makubaliano kati ya kampuni iliyotoa laini na kampuni mwenyeji.

Ruta ikifika ugenini, mtandao mwenyeji huiuliza kampuni ya nyumbani kama laini ile inaruhusiwa. Kwa 2G na 3G maulizo hayo hupitia mfumo wa SS7, ambao asili yake ni miaka ya 1970. Kwa 4G hupitia mfumo mwingine uitwao Diameter. Kukubaliana juu ya ule wa kwanza hakuleti wa pili, maana lazima ukubaliwe na kujaribiwa upya. Pale ambapo hilo halijafanyika, ruta ya 4G hukataliwa na mnara wa 4G, hushuka 3G kimyakimya, na mwenyewe huona tu kwamba intaneti ni nzito. Siku 3G inapozimwa, pa kushukia hapapo tena, isipokuwa 2G pale inapobaki. Tena kukataliwa huko kwaweza kuandikwa ndani ya laini, katika orodha ya mitandao iliyokatazwa, ruta ikaacha kujaribu hata baada ya makubaliano kukamilika. Mpangilio wa APN, yaani jina la lango la data, nao huleta shida: kwenye 3G kifaa huweza kujisajili kwanza kisha kikafungua njia ya data, lakini 4G hufungua njia hiyo wakati wa kusajili, hivyo APN yenye kosa yaweza kuzuia usajili wenyewe. Na zipo modemu zilizopangwa kutanguliza sauti kama simu. Zikikosa njia ya kupiga simu kwenye 4G, huiacha zikatafute 2G au 3G, ingawa kazi yao ni data tu.

Australia ilionyesha jinsi utegemezi huu unavyojificha. Telstra, kampuni ya simu ya huko, ilikuwa izime 3G Juni 30, 2024, ikasogeza tarehe zaidi ya mara moja, kwa sababu kulikuwa na simu za 4G ambazo zikipiga 000, namba ya dharura, zilirudi 3G bila mwenye simu kujua.

Atasema mtu kwamba Afrika Mashariki haiwezi kuiacha 2G leo, kwa kuwa wenye simu za vitufe hutumia M-Pesa kupitia mtandao huo. Ni kweli, na nisingependa izimwe kwa haraka. Lakini ruta hufuata mtandao wa mahali ilipo, si wa mahali iliponunuliwa, na Oman, kwa mfano, ilitangaza kuanza kuondoa 3G mwaka 2024. Hata 2G iliyobaki hufariji bure: taa ya ruta inawaka, mahali lilipo lori panaonekana, lakini picha za kamera hazipiti. Mwingine atashauri kununua laini ya kila nchi. Hilo humfaa msafiri mwenye simu mkononi. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala na Kigali, ruta ikiwa imefungwa ndani, halina fundi wa kubadilisha laini kila mpakani. Laini za kielektroniki za wasafiri nazo mara nyingi ni za rominga, kwa hiyo swali la makubaliano linabaki palepale.

Kwa hiyo mwenye magari aidai kampuni iliyompa laini jibu la maandishi, nchi kwa nchi, kama laini zake zinaruhusiwa data ya 4G, kisha aifungie ruta moja kwenye 4G pekee na kuipeleka njia nzima. Jaribio hili lifanyike 3G ikiwa bado hewani, maana baada ya kuzimwa, ruta iliyokataliwa mahali pasipo hata 2G haiwezi kurekebishwa kwa mbali. Lazima mtu alifuate lori lilipo.