Kula pamoja melini: Kikundi kichague ukumbi upi?

WATU wengi wanapopanga safari ya meli ya kitalii hutumia majuma mengi wakibishana kuhusu vyumba vya kulala: nani apate chumba chenye dirisha, nani alale na watoto na nani ana pesa za kulipia roshani. Suala la mahali pa kula huachwa hadi siku ya kupanda meli. Hilo ni kosa, hasa kwa jamaa au chama kinachosafiri watu 10 au zaidi.

Mchana kila mmoja huwa na shughuli zake. Vijana huenda kuogelea, wazazi hutazama maonyesho, naye nyanya hutafuta kivuli apumzike. Wakati wa chajio ndio pekee ambapo wote wanaweza kuonana ana kwa ana. Mkidunduliza pesa kwa miaka mingi ili msafiri pamoja, kisha kila jioni mle mafungu mafungu, mtakuwa mmelipia safari ya ukoo na kupata safari ya watu wasiojuana.

Je, kikundi kizingatie nini?

Jambo la kwanza si mapambo ya ukumbi bali utaratibu wake. Katika utaratibu wa zamani, ambao kampuni nyingi bado zinautoa, msafiri hupewa saa maalumu na meza yake. Zamu ya kwanza huanza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni, na ya pili mwendo wa saa mbili usiku. Mtaketi meza ile ile na kuhudumiwa na wahudumu wale wale hadi mwisho wa safari. Kufikia siku ya tatu, mhudumu anajua ni nani hali samaki na ni mtoto yupi anayetaka maziwa kabla ya chakula.

Utaratibu wa pili ni wa kula wakati wowote. Kampuni ya Norwegian Cruise Line ndiyo iliyouvumisha mwaka wa 2000. Hauna saa wala meza maalumu. Wawili huufurahia sana, lakini watu 12 wanaofika pamoja saa moja usiku bila kuagiza nafasi huenda wakasubiri kwa muda mrefu au wakagawanywa. Mkiuchagua, agizeni meza mapema, tena ya saa moja kila siku.

Meli za Disney, tangu Disney Magic ilipoanza safari mwaka wa 1998, zina mtindo wa tatu: wasafiri huzungushwa katika mikahawa tofauti jioni baada ya jioni, na wahudumu wao huhama pamoja nao. Watoto hupata mandhari mapya bila kupoteza sura walizozizoea.

Mtego wa vyumba

Kuna meli ambazo chumba unacholala ndicho huamua utakula wapi. Katika Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, iliyoanza kusafiri mwaka wa 2004, wenye vyumba vya kawaida hula katika ukumbi wa Britannia, nao waliolipia vyumba vya fahari wana kumbi zao, Princess Grill na Queens Grill. Wa vyumba vya kawaida hawaruhusiwi kula huko. Basi kaka mkubwa akijilipia chumba cha fahari huku wazazi wake wakiwa katika vyumba vya kawaida, atakuwa amejitenga na meza yao bila kujua. Ulizeni kabla ya kulipa.

Mpimeni aliye mnyonge

Mara nyingi anayelipa zaidi ndiye huamua. Ingefaa zaidi kuanza na wale wasioweza kubadilika: nyanya mwenye kisukari ambaye hula kwa saa zinazolingana na dawa zake, na mtoto wa miaka minne ambaye saa mbili usiku huwa amesinzia kwenye sahani. Kijana akila mapema ataweza kupata kitu kingine baadaye kwenye ukumbi wa kujipakulia. Nyanya hawezi kungoja.

Hata hivyo, zamu ya mapema ina kasoro yake. Siku ambazo meli imetia nanga na mmeshuka kutembea mjini, mnaweza kurudi saa kumi na mbili mkiwa na vumbi na uchovu. Hesabuni siku hizo kwanza. Zikiwa nyingi, huenda utaratibu wa kula wakati wowote ukawafaa zaidi.

Mahali ukumbi ulipo pia ni muhimu. Tuchukue mfano wa Norwegian Dawn, meli iliyofika bandari ya Mombasa Januari 2024. Ina kumbi mbili kuu zisizotozwa ada ya ziada. Venetian uko upande wa tezi na una madirisha makubwa ya kutazamia bahari. Aqua uko katikati. Kwa kawaida, sehemu ya katikati ya meli huyumba kidogo kuliko miisho yake. Ikiwa kati yenu kuna anayechafukwa na tumbo baharini, heri katikati kuliko dirishani.

Meli hiyo hiyo ina mikahawa ya kulipia, kama vile Cagney's ya nyama ya kuchoma na Le Bistro ya vyakula vya Kifaransa. Ada inayoonekana ndogo kwa mtu mmoja huwa mzigo ikizidishwa mara 12. Chagueni usiku mmoja tu wa sherehe, na mkubaliane mapema nani atalipa.

Mambo ya kufanya kabla ya safari

Iwapo mmelipa kwa nyakati tofauti, mwambieni wakala aziunganishe nambari zenu zote za safari. Zisipounganishwa, kampuni haitajua kwamba ninyi ni kikundi kimoja.

Toeni taarifa za vyakula mapema. Anayekula halali aulize kama nyama yenyewe imechinjwa kwa njia ya halali, kwani kutokuwepo kwa nguruwe pekee hakutoshi. Mwenye mzio wa njugu au samaki aandikishwe, kisha ajitambulishe kwa mhudumu mkuu jioni ya kwanza.

Mkigawanywa katika meza mbili, ombeni ziwe jirani, wala msiweke wazee huku na vijana kule. Wachanganyeni. Siku mtakapopanda meli, mmoja wenu aende moja kwa moja kuikagua meza kabla ya kufungua mizigo. Kasoro hurekebishwa kwa urahisi mchana wa kwanza. Ukumbi ukishajaa, majuto ni mjukuu.