Kabla ya kununua chupa ya 'mafuta ya bangi', pita kwa muuza dagaa

Na Mwandishi Wetu, Masuala ya Kanda

UKIPITA katika soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza utaona mara moja kwamba dagaa hawajui mipaka. Magunia mengine yanakwenda Kongo, mengine Rwanda, Burundi na Kenya. Samaki huyo mdogo akivuliwa upande wa Kisumu anaitwa omena, upande wa Uganda ni mukene, na jamaa zake wa Ziwa Tanganyika wakiuzwa Bujumbura huitwa ndagala.

Ipo bidhaa nyingine inayovuka mipaka yetu, lakini hii hupita kimyakimya. Ni chupa ndogo za mafuta yatokanayo na bangi. Matangazo yake huzunguka katika simu yakidai kuwa mafuta hayo "yanaamsha" mfumo fulani wa mwili, na kwamba ukishaamka, kukosa usingizi, maumivu, msongo wa mawazo na unene vyote vinakwisha.

Mfumo huo upo kweli na wanasayansi wanauita mfumo wa endokanabinoidi. Dawa ya kila kitu ndiyo isiyokuwepo. Na kile ambacho mfumo huo unahitaji kutoka kwenye chakula, sehemu yake kubwa imo ndani ya yale magunia ya Mwaloni.

Jina lilitoka kwenye bangi

Mwaka 1964 watafiti wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walifanikiwa kutenga THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Likabaki swali: kwa nini kemikali ya mmea ifanye kazi ndani ya ubongo?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1988, pale Allyn Howlett na William Devane wa Marekani walipothibitisha kuwa ubongo una vipokezi, yaani vitasa ambavyo THC huingia kama ufunguo. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam mjini Jerusalem likagundua ufunguo ambao mwili unajitengenezea wenyewe. Waliuita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Ufunguo wa pili, 2-AG, ulitangazwa mwaka 1995.

Kwa hiyo bangi ndiyo iliyotoa jina tu. Mtu ambaye hajawahi hata kuinusa anao mfumo huu, na maziwa ya mama yana 2-AG. Katika majaribio ya maabara, vitoto vya panya vilivyozibwa vipokezi hivyo mara tu baada ya kuzaliwa vilishindwa kunyonya.

Kazi yake ni kupunguza sauti

Seli za neva huzungumza kwa kupeana kemikali. Seli inayopokea ujumbe ikiona umezidi, hutengeneza endokanabinoidi papo hapo na kuzirudisha kwa aliyetuma, kama jirani anayegonga ukuta usiku kuomba redio ipunguzwe sauti. Kazi ikiisha, vimeng'enya huzivunjavunja zisiendelee kukaa.

Utaratibu huo unagusa hamu ya kula, maumivu, usingizi, kumbukumbu na hofu. Aina ya pili ya vipokezi, iliyoelezwa mwaka 1993, iko zaidi kwenye seli za kinga na inahusika na kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili.

Hapo ndipo tangazo la "kuamsha" linapopotosha. Mfumo ukisisimka kupita kiasi, hamu ya kula hupanda na mwili huhifadhi mafuta zaidi. Kuuzima nako kuna gharama. Mwaka 2006 Ulaya iliruhusu dawa ya kupunguza unene iitwayo rimonabanti, iliyofanya kazi kwa kuziba vipokezi hivyo. Uzito ulipungua, lakini baadhi ya watumiaji walipata sonona na mawazo ya kujiua. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni. Mwili unataka mizani, na mizani hiyo haiuzwi kwa matone.

Malighafi ni mafuta unayokula

Mwili hutengeneza endokanabinoidi kutokana na asidi ya arakidoni, mafuta ya kundi la omega-6. Kundi hilo tunalipata kwa wingi katika mafuta ya alizeti, ya mahindi na ya mbegu za pamba. Kundi jingine, omega-3, linapatikana zaidi kwenye samaki. Makundi haya mawili hugombea nafasi zilezile katika kuta za seli, hivyo moja likizidi sana, jingine hukosa pa kukaa.

Mwaka 2012 watafiti wa Norway na Marekani walionyesha kuwa panya waliolishwa omega-6 nyingi walipandisha viwango vya anandamaidi na 2-AG, wakanenepa. Mwaka mmoja kabla, watafiti nchini Ufaransa walikuta kwamba panya waliokosa omega-3 walipoteza sehemu ya ile kazi ya kupunguza sauti katika ubongo. Hayo ni matokeo ya panya, na binadamu hapimwi kwa panya peke yake. Lakini ushauri unaotokana nayo hauna hatari, na unalingana na ule unaotolewa siku zote kwa ajili ya moyo: Chama cha Moyo cha Marekani kinapendekeza samaki mara mbili kwa wiki.

Kwa kaya ya kanda hii, mara mbili hizo hazihitaji samaki wa bei kubwa. Dagaa wa Ziwa Victoria wana omega-3, pamoja na protini, madini ya chuma na kalsiamu. Wakazi wa Goma na Gisenyi wana sambaza wa Ziwa Kivu, samaki aliyeletwa huko kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, kuna vibua na dagaa wa baharini.

Namna ya kupika nayo inahesabika. Dagaa waliozamishwa kwenye mafuta ya kukaangia huingia na omega-3 na kutoka wamebeba mafuta mengine. Wachemshe kwa nyanya na vitunguu, au waunge kwa tui. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja badala ya mchangani, na usiwahifadhi muda mrefu penye joto, kwa sababu omega-3 huharibika upesi.

Cha kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku, huku jirani wa kiwanda akitafuta afya ndani ya chupa.

Karafuu nazo zimo

Karafuu za Pemba na pilipili manga zina kemikali iitwayo beta-kariofilini. Mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionyesha kuwa inaingia kwenye kile kipokezi cha pili, cha seli za kinga, na kwamba ilipunguza uvimbe kwa panya. Hailevyi.

Hiyo ni sababu nzuri ya kuendelea kutia viungo kwenye pilau. Si sababu ya kunywa mafuta ya karafuu, ambayo ni makali na yamewahi kuharibu maini ya watoto walioyameza.

Mazoezi pia yanasaidia. Utafiti wa mwaka 2012 ulipima binadamu, mbwa na vicheche wa kufugwa kabla na baada ya kukimbia. Endokanabinoidi zilipanda kwa binadamu na mbwa, si kwa vicheche.

Chupa na sheria

Ni kweli kwamba kemikali moja ya bangi isiyolevya, CBD, imekuwa dawa. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa yake kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Lakini hiyo hutolewa na daktari kwa kipimo, na huweza kugongana na dawa nyingine, ikiwemo warfarini ya kuzuia damu kuganda. Chupa ya mtaani haina daktari nyuma yake.

Tena kuna suala la mpaka. Rwanda iliamua mwaka 2020 kuruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, lakini matumizi ya kawaida nchini humo bado ni marufuku. Tanzania na Kenya zinahesabu bangi na mafuta yake kuwa dawa za kulevya. Msafiri anayedhani Soko la Pamoja limefungua njia kwa kila bidhaa anaweza kujikuta mahakamani kwa chupa aliyoambiwa ni ya usingizi.

Anayeteswa na maumivu au kukosa usingizi aende kituo cha afya. Akitoka huko, apitie sokoni. Kwa gunia la dagaa, kinachoulizwa mpakani ni ushuru na vibali tu.