Joto, Halijoto na Nishati: Mizigo ya Neno Moja

Katika Kiswahili cha kila siku neno "joto" limetwishwa kazi nyingi. Twasema leo kuna joto, mtoto ana joto, jiko linatoa joto. Sentensi ya kwanza yaeleza hali ya hewa. Ya pili, kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Ya tatu, kitu kinachotoka mahali pamoja kwenda pengine. Mzungumzaji hatatiziki, kwa kuwa muktadha humsaidia. Mwandishi wa sayansi hana msaada huo.

Kimaumbo, "moto" na "joto" ni ndugu wa shina moja, -oto, na jamaa yao wa karibu ni kitenzi "ota", kama katika kuota moto au kuota jua. Aotaye hupokea kitu kutoka kwenye chanzo. Hapa lugha yetu inakaribiana sana na fizikia, ambayo huliita joto nishati inayohama kutoka kwenye halijoto ya juu kwenda kwenye halijoto ya chini. Kilichomo ndani ya chuma kilichopashwa ni akiba ya nishati. Huitwa joto kinapokuwa njiani.

Wataalamu wa Ulaya nao walikwama hapa. Katika karne ya 18 Lavoisier na wenzake walilihesabu joto kuwa ugiligili usio na uzito. Mwaka 1798 Rumford alieleza jinsi utoboaji wa mizinga huko Munich ulivyozalisha joto bila kikomo, maadamu kazi iliendelea. Na katika miaka ya 1840 Joule alipima ni kazi kiasi gani huleta joto kiasi gani.

Tuchukue sufuria ya maji. Kilogramu moja huhitaji jouli zipatazo 4,200 ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Maji yakianza kuchemka, kwa nyuzi 100 Mombasa na yapata 94 Nairobi, kipimajoto husimama ingawa moto haujazimwa. Kila kilogramu inayogeuka mvuke humeza jouli zipatazo 2,260,000. Tukisema "maji yanapata joto lakini joto haliongezeki", tumejipinga wenyewe. Tukisema "maji yanapokea joto lakini halijoto haipandi", tumeeleweka.

Istilahi za njia tatu za uhamaji wa joto zastahili kupimwa vivyo hivyo. "Mpitisho" umeundwa kwa kitenzi cha kusababisha, nao wafaa: katika mpini wa chuma, chembe hupitishiana nishati bila zenyewe kuhama. "Msafara" wafaa zaidi, kwani maji ya chini ya sufuria hupanda yakiwa yamebeba mzigo wao. "Mnunurisho" ndio wenye walakini, kwa sababu wadokeza mng'ao. Pasi iliyopata moto haing'ai, lakini ukiikaribia utahisi ikikupasha uso. Istilahi hii tusiitupe, bali fasili yake itaje wazi kwamba sehemu kubwa ya mnunurisho wa vitu vya nyumbani haionekani kwa macho.

Kuhusu kinachohifadhiwa, twapendekeza "akiba ya nishati". Akiba huwekwa, huhesabiwa na hutumiwa. Makaa ni akiba ya kikemikali. Maji yaliyozuiliwa na bwawa la Masinga tangu 1981 ni akiba itokanayo na kimo. Maji ya chai katika chupa ni akiba inayopungua polepole. Akiba moja ikipungua, nyingine huongezeka kwa kiasi kile kile. Hivyo basi, usemi "baridi inaingia" tuwaachie wenye kufunga madirisha. Kwa mwanafizikia, joto ndilo linalotoka.

Hatumwombi mtu yeyote abadilishe mazungumzo yake, wala "kipimajoto" kipewe jina jipya. Twaomba tu kwamba katika vitabu na kamusi za sayansi "joto" liwe la kinachohama, "halijoto" ya kiwango, na "nishati" ya akiba. Mwanafunzi anayepewa neno moja kwa mambo matatu hulazimika kukisia, kisha husahihishwa kana kwamba hakufahamu fizikia, ilhali kilichompotosha ni istilahi tuliyompa sisi.