Kabla ya kununua parsele karibu na ziwa, tembea kwanza Kalemie siku moja

Mdogo wetu mmoja wa fakilte, mwenye kumaliza lisansi juzijuzi, aliniandikia mwezi wa kumi: amepata parsele ya bei nzuri hapa Kalemie, upande wa chini, hatua chache tu na maji. Mwenye kuuza anamwambia ziwa limesharudi nafasi yake, halitapanda tena. Akaniuliza: "Grand, wewe ni agronome, unaonaje?" Sikutaka kumjibu kwa simu. Nilimwambia aache pesa nyumbani, avae viatu vya kutembea, tukutane asubuhi mbele ya gare.

Kwa nini gare? Juu ya mji wetu kuwa hapa ni kwa sababu ya mto, na reli ndiyo inaonyesha vizuri. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, ikifuata bonde la Lukuga, njia ambayo mto ulishachonga mu milima. Mwisho wa mwaka ule ule, Waingereza walileta kwa njia hiyo mashua mbili, Mimi na Toutou. Zilitoka London mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa mu pori la Katanga, zikashuka Lualaba, zikapanda tena treni mpaka hapa. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Mdogo wangu alizaliwa Kalemie na hakujua hata moja ya hayo. Na mimi nilijua nikiwa tayari lisansi ya pili, kwa hiyo sikumcheka.

Kutoka gare tulipanda mlima kuona manyumba ya wakati wa Albertville. Kapteni Jacques, Mbelgiji, alianza kituo chenye jina hilo ku mwambao mwisho wa mwaka 1891, akipigana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa. Leo zimebaki kuta nene, mabaraza mapana, mabati yenye kutu, miembe mikubwa. Watu wengi wakifika pale wanasema: "Unaona, wazungu walikuwa na akili, walijenga juu." Mimi sikubali hivyo kabisa. Walipanda juu kutafuta hewa nzuri na kukaa mbali na wafanyakazi wao. Bandari na reli waliviweka chini, na maji yakipanda ndiyo hayo yanaumia kwanza.

Saa nne hivi tulichukua moto mpaka Lukuga. Hapa ndipo nilitaka kumfikisha. Simama pale mto unapoanzia, uangalie vizuri: maji yanatoka ziwani, hayaingii. Rusizi inaingia, Malagarasi inaingia, na mito mingine mingi. Ya kutoka ni moja tu, hii Lukuga, inaenda magharibi mpaka kukutana na Lualaba. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita 1,470 lina mlango mmoja.

Na ule mlango ulishawahi kujifunga. Cameron alifika hapa mwaka 1874 akitoka Ujiji, akakuta mafunjo yameziba mto, maji yanapita kwa shida. Stanley alikuja mwaka 1876, hakuona mto wenye kutembea, ila aliandika kwamba ziwa linapanda na siku moja litapasua. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yakiwa chini kwa muda mrefu, mto unakufa, vijito vya pembeni vinaleta udongo, mafunjo yanaota juu yake, kizuizi kinakuwa kigumu. Mvua zikizidi, ziwa linajaa nyuma ya kile kizuizi. Mwaka 1878 likapasua, na kwa miaka 15 hivi iliyofuata lilishuka karibu mita 10. Hebu angalia nyumba yako, pima mita 10 kwenda juu, utanielewa.

Mdogo wangu akasema: "Basi Lukuga iko wazi sasa, shida iko wapi?" Swali zuri. Shida ni kwamba maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa Lukuga, yanakunywewa na jua. Mto unatoa sehemu ndogo tu. Ikija miaka ya mvua nyingi mfululizo, mlango mwembamba kama huu hauwezi kuyamaliza haraka. Ilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikatokea tena miaka hii, na mwaka 2024 sote tuliona maji mu manyumba.

Halafu kuna kitu kingine ambacho muuzaji hakusema. Hata mwaka wa kawaida ziwa linapanda na kushuka kama sentimita 80. Linakuwa juu mwezi wa nne na wa tano, linakuwa chini mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Yeye alionyeshwa parsele mwezi gani? Alicheka mwenyewe.

Tulirudi kwa mguu tukipita mu ile parsele. Papa mmoja jirani alikuwa anatengeneza wavu. Tulimsalimia, nikamuuliza maji ilifika wapi. Akanyoosha mkono ku ukuta wake, alama ya rangi ya chai juu kidogo ya dirisha. "Ilifika pale, mwanangu. Tulilala kwa shemeji miezi tatu. Tumerudia juu hatuna kwingine." Hilo lilininyamazisha. Si kila mwenye kukaa chini hajui. Wengi wanajua zaidi yetu. Mama yangu alilima lengalenga na matembele ku ukingo miaka yote ya masomo yangu, minervali ilitoka mule. Leo ile bustani ni matete na vyura.

Papa alituazima jembe. Tukachimba shimo mpaka magoti. Juu mchanga, chini udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu. Wale wa agronomi mnajua: kijivu hicho ni udongo uliokosa hewa, maji hukaa mule kila mwaka kwa muda mrefu, na madoa ni pale hewa inapoingia maji yakishuka. Chini zaidi tulikuta maganda ya konokono wa ziwa. Alama ya ukutani unaweza kuipaka chokaa, lakini udongo hauwezi kuupaka kitu. Jembe moja, nusu saa, bila laboratware.

Jioni tulinunua ndakala za kukaanga, tukakaa mbele ya gare tukiangalia mitumbwi ikitoka na mataa yake. Hakuongea muda mrefu. Mwishoni akauliza parsele ya kule juu, karibu na miembe, ni bei gani.

Nilimwambia. Akapiga mluzi, akasukuma sahani ya ndakala upande wangu.