Wasifu wa Kazi: Umbo Lipi, kwa Msomaji Yupi?

Kila tangazo la kazi linapopita kwenye WhatsApp, vijana wa kwetu Katogota huniuliza swali moja: "Tuandike CV ya namna gani?" Mara nyingi wanachotafuta ni modeli ya kupendeza, yenye rangi, picha na mistari. Lakini umbo la wasifu si pambo. Ni mpangilio wa hoja: huamua msomaji akutane na nini kwanza na nini akikute mwishoni. Sisi wa kitivo cha lugha tunajua kwamba ukihamisha maneno ndani ya sentensi, mkazo nao unahama. Ndivyo ilivyo kwa wasifu. Ningependa kueleza maumbo matatu yanayotumika sana, kisha nionyeshe kwa nini uchaguzi huu ni mgumu zaidi kwa mtu wa bonde la Ruzizi.

Umbo la kwanza hufuata wakati. Kazi na masomo hupangwa kwa tarehe, kuanzia la karibuni kurudi nyuma. Waajiri wengi hulipenda kwa sababu ni rahisi kulikagua: mahali, cheo, mwezi, mwaka. Linamfaa mtu ambaye njia yake imenyooka, aliyetoka shule akaingia chuo, akatoka chuo akapata kazi, na kazi anayoiomba inafanana na ile aliyonayo.

Umbo la pili hufuata ujuzi. Badala ya tarehe, msomaji hukutana na vichwa kama ukalimani, ufundishaji au ukusanyaji wa takwimu, na chini ya kila kimoja mifano ya kazi iliyofanyika. Tarehe husukumwa mwishoni, au huachwa kabisa. Huwasaidia wanaobadilisha fani na wale ambao walijifunza kazi nje ya ofisi.

Umbo la tatu huchanganya hayo mawili. Juu kuna mistari michache ya ujuzi unaolingana na tangazo. Chini yake historia kamili yenye tarehe.

Sasa tuje nyumbani. Katogota iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, na kila vita vinavyopita barabara hiyo hukata maisha ya watu vipande. Februari 2025, baada ya M23 kuingia Bukavu, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, na wengi walipokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Ukiwa miongoni mwao, wasifu wako una pengo: miezi bila shule wala mshahara. Ndiyo maana vijana wengi hukimbilia umbo la pili. Linaficha.

Naona hapo ndipo hasara inapoanzia. Anayechambua maombi mia mbili akikosa tarehe haridhiki na orodha ya ujuzi. Hujiuliza ni wapi, lini, na nani anaweza kuthibitisha. Pengo lisilotajwa hulijaza kwa dhana yake mwenyewe, na dhana hiyo ni nadra kuwa nzuri. Pengo lililotajwa kwa mstari mmoja halimsumbui: "Machi hadi Septemba 2025: nilihama kwa sababu ya vita, nilifundisha watoto kusoma kambini", ikiwa ni kweli ulifundisha. Kama hukufanya kazi, nusu ya kwanza inatosha. Huombi huruma; unatoa taarifa.

Chukua mfano wa mtu aliyekuwa mkalimani wa MONUSCO huko Kamanyola. Kambi ile ilikabidhiwa kwa polisi wa Kongo tarehe 28 Februari 2024, na kufikia mwisho wa Juni mwaka huohuo MONUSCO ilikuwa imesitisha shughuli zake Kivu Kusini. Tangu hapo analima mpunga na kutafsiri mahubiri kanisani. Kwa umbo la wakati peke yake, mwajiri ataanza na shamba. Kwa umbo la ujuzi peke yake, hataona kwamba mkataba ulikatika kwa sababu inayojulikana na kila mtu. Umbo mchanganyiko linampa vyote viwili: ukalimani juu, na chini tarehe zinazojieleza zenyewe. Kwa wengi wetu hilo ndilo ningelishauri.

Lugha nazo zinataka mpango. Nimeona wasifu mwingi wenye "Kifaransa: vizuri sana" huku Kifuliiru na Kirundi vikiachwa nje, kana kwamba lugha za nyumbani si ujuzi. Shirika linalotuma watu vijijini kuhoji wakulima linahitaji hasa lugha hizo. Zitaje, tena kwa usahihi. Viwango vya A1 hadi C2, vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, hutenganisha kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika. Mgawanyo huo unatufaa sana, maana wengi tunazungumza Kifuliiru kwa ufasaha lakini hatujawahi kukiandika. Kwa kazi ya ukalimani, mstari wa lugha upande juu. Kwa kazi ya uhasibu, ubaki chini.

Mwisho, angalia nani anasoma. Mashirika mengi hapa huomba watu watatu wa kuulizwa habari zako na kadi ya ONEM. Hivyo visikosekane kwenye faili. Matangazo ya utumishi wa umma Tanzania huita wasifu "maelezo binafsi" na hutaka majina ya wadhamini watatu. Ukiomba nje ya nchi, usiandike "graduat" au "licence" peke yake. Ongeza idadi ya miaka ya masomo, kwa sababu majina ya shahada zetu hayavuki mpaka kwa urahisi. Na mwajiri akitoa fomu yake, kama P11 ya Umoja wa Mataifa, uchaguzi umekwisha: fomu hiyo hudai kila kazi kwa tarehe, kuanzia ya sasa. Aliyezoea kuficha mapengo atakwama hapo. Aliyekwisha kuyaandika wazi atanakili tu.

Kabla ya kutuma, mpe mwenzako ukurasa wa kwanza kwa nusu dakika, kisha umuulize unaomba kazi gani na kwa nini wewe unaifaa. Akishindwa kujibu, usiongeze rangi wala picha. Badilisha mpangilio.